Meza Iliyommeza Anonciata

Ukifika Ihanda ukamwambia dereva wa bodaboda akupeleke kwa fundi wa milango, hatakuuliza yupi. Atakushusha kwa Prudensia, kwenye karakana ya mabati ambako vumbi la mbao limetua kila mahali, hata kwenye kope za mwenyewe. Useremala alifundishwa na baba yake mdogo, ambaye alipozeeka alimwachia randa na misumeno yake. Mumewe, Elipidius, ni mtu wa kahawa na migomba. Prudensia ni mtu wa mbao, na hajawahi kuona sababu ya kumweleza mtu kwa nini.

Aliyemgeuzia kazi alikuja wakati wa kiangazi. Zilisimama bodaboda mbili. Moja ilibeba sanduku bovu lililofungwa kwa mipira, nyingine ilimbeba kijana mmoja na mkewe. Kijana aliitwa Fidele, mkazi wa Kyerwa, wa ukoo uliotoka Rwanda enzi za babu yake. Kazi yake ilikuwa mazingaombwe. Alizunguka kwenye shule, magulio na sherehe akitoa vitambaa mdomoni na kugeuza maji yakawa maziwa. Mkewe ni Anonciata.

"Shikamoo, mama fundi."

"Marahaba. Sanduku hili limepatwa na nini?"

"Limechoka tu, mama. Humu ndani mke wangu hupotea."

Prudensia alimtazama Anonciata, mwanamke mwembamba mwenye miguu mirefu. "Hupotea akaenda wapi?"

Anonciata akacheka. "Hapo ndipo penye kazi."

Wakamweleza. Ndani ya sanduku kulikuwa na vioo viwili vilivyosimamishwa mshazari. Mtu akijificha nyuma yake, mtazamaji huona taswira ya kuta za pembeni akadhani anaona ukuta wa nyuma. Fidele alipomaliza, akakunja mikono kama anayeomba. "Sasa siri ni yako pia, mama. Ukiitoa, sisi tumekwisha."

"Mwanangu," Prudensia alisema, "nusu ya vitanda vya kata hii nimevitengeneza mimi, na ni mimi ninayeitwa kuvikaza vikilegea. Umewahi kusikia nimesema kitanda cha nani kinapiga kelele?"

Akalitengeneza sanduku jipya la mninga, akalipiga msasa hadi likawa laini kama shavu la mtoto, akalimalizia kwa vanishi. Lilikuwa zuri. Siku ya gulio la Rugu alifunga karakana akaenda kulitazama likifanya kazi.

Anonciata aliingia, Fidele akafunga mlango, akazungusha fimbo yake, akafungua. Sanduku tupu. "Mawe!" walimaka kwa lugha ya kwao akina mama waliokuwa mbele. Lakini pembeni kulikuwa na lori la ndizi, na juu ya mzigo walikaa wapakiaji. Mmoja wao akapaza sauti: "Namwona! Kisigino chake kile pale!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Fidele hakutetereka. Alimsifu mpakiaji kwa macho yake ya mwewe, akahamia kwenye vitambaa. Lakini baadaye, nyuma ya turubai, Anonciata alikuwa analia.

"Nimekuaibisha," alimwambia mumewe.

"Hujamwaibisha mtu," Prudensia akamkatiza. "Kisigino kilikuwa mahali pake. Sanduku ndilo lililokosea, na sanduku ni langu. Nimelitengeneza kwa watu walioketi ukumbini wakatazama mbele. Watu wetu husimama pande zote na hupanda juu ya malori. Niachieni. Nitatengeneza kitu cha watu wetu."

Fidele alitaka kusema kitu, labda kwamba hata wakubwa wake wa kazi walitumia vioo, lakini uso wa Prudensia haukuwa uso wa mtu anayeomba maoni.

Siku zile Elipidius alimkuta mkewe mara kadhaa amechutama uani, akitazama meza ya jikoni kwa upande, kisha akiinuka na kuitazama kwa juu.

"Meza imekukosea nini?" aliuliza.

"Tafadhali lala chini yake, unisaidie."

Elipidius akalala. Alikuwa ameoa fundi, na alishajua kwamba ukimsaidia kwanza, maelezo huja yenyewe.

Maelezo yalikuwa haya. Mtu akitazama meza, anachokiona ni ukingo wake. Ukingo ukiwa mwembamba, anaamini meza nzima ni nyembamba. Basi Prudensia akatengeneza meza ambayo ukingo wake haukuzidi unene wa kidole, lakini chini yake mbao ziliteremka taratibu kuelekea katikati, zikafanya tumbo. Ukingo aliupaka rangi nyeupe yenye mstari mwekundu. Tumbo alilipaka masizi yaliyochanganywa na gundi, jeusi lisilong'aa hata kidogo. Jicho ni vivu. Linakimbilia penye rangi na kupuuza penye giza. Meza aliiweka chini, miguu mifupi, ili hata mtoto aliyekaa mbele asiweze kuchungulia kwa chini, lakini nafasi ibaki ya kuona nyasi za upande wa pili. Juu yake likakaa sanduku lisilo na kioo hata kimoja. Sakafu ya sanduku, na ubao wa meza uliokuwa chini yake, vilifunguka kwa bawaba zilizofichwa, na Anonciata akajikunja ndani ya tumbo la meza kama mtoto usingizini.

"Unapumua?" Prudensia aliuliza akigonga ubao.

"Napumua vizuri!" sauti ilijibu kutoka ndani. "Kuna nafasi hata ya kupika!"

Fidele alizunguka meza mara nyingi. Alichutama, akapanda juu ya kigoda, akarudi nyuma hadi barabarani. Kila aliporudi alikuwa anatabasamu zaidi. Ila alishtuka Prudensia alipochukua mnyororo wa baiskeli na kuanza kulipiga lile sanduku jipya.

"Mama! Unaliharibu!"

"Nalimalizia. Kitu kipya watu hukichunguza. Kikuukuu hukipita."

Akalipaka maji ya kahawa nzito, akakwaruza pembe, akapigilia kipande cha bati upande mmoja kana kwamba liliwahi kupasuka. Alipoliacha, lilifanana na masanduku ambayo kila nyumba huwekea nguo za sikukuu.

Onyesho la kwanza likafanyika palepale Ihanda. Watu walijaa pande zote, wengine wakapanda juu ya ukuta wa ghala. Anonciata akapotea. Hakuna aliyepiga kelele za kisigino. Uwanja ukalipuka kwa makofi, na Prudensia, aliyesimama katikati ya umati, akajisikia mrefu kama mwerezi.

Shida ilikuja na mafanikio. Minong'ono ilianza kwamba fundi wa milango ameanza kutengeneza vitu vya giza. Xaveria, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisani, mama mtu mzima wa asili ya Muleba, akafika karakana na wenzake wawili. Hakupenda kuzunguka mbuyu.

"Mama Ainembabazi," alisema, akimwita kwa jina la binti yake mkubwa, "yule mwanamke alikwenda wapi?"

"Hakwenda popote, mama."

"Basi tuonyeshe."

Meza ilikuwa pale, imerudishwa ili kukazwa bawaba. Ilikuwa rahisi kuinua ule ubao na kumaliza maneno. Prudensia aliitazama, akatikisa kichwa. "Siri hiyo ni ya wateja wangu, nami nimeahidi. Lakini nipeni nafasi niwaonyeshe iliyo yangu mwenyewe."

Akawaketisha, akawapa kahawa ya kutafuna, akachukua mabaki ya mbao. Mbele ya macho yao akapima, akakata, akagundisha kijisanduku kidogo. Alipomaliza, akajaza maharage, akafunga, akatikisa, akafungua. Zikamwagika buni za kahawa. Mmoja wa akina mama alifanya ishara ya msalaba.

"Umeiona mikono yangu tangu mwanzo," Prudensia alimwambia Xaveria. "Kuna mahali nimeita jina lisilo la Mungu?"

Kisha akakigeuza kijisanduku na kuwaonyesha. Kulikuwa na ubao mwembamba ndani, nyuma yake akiwa ameficha buni wakati wao wakitafuna kahawa, unaolala upande mmoja ukiinamishwa huku, na upande mwingine ukiinamishwa kule. Basi. Xaveria alikichukua, akajaribu, akakosea, akajaribu tena. Buni zilipomwagika kwenye mapaja yake alicheka mpaka akafuta machozi.

"Waitu, ni ubao tu!"

"Ni ubao tu, mama. Na yule aliyepotea ni ubao pia, ila mkubwa."

Xaveria aliondoka na kijisanduku mkobani, akisema watoto wa Utoto Mtakatifu kanisani lazima wakione. Minong'ono haikufa siku ile, lakini ilikosa nguvu, kwa sababu kila aliyeianzisha alikutana na mwenyekiti akitikisa maharage.

Sasa Prudensia ana wateja kutoka Bukoba na Muleba, na milango hutengeneza akiwa na nafasi. Kazi mpya haitoki mikononi mwake kabla hajaitazama kati ya watu. Mwezi uliopita alikuwa Rugera, amesimama nyuma kabisa, Anonciata alipopotea kwa mara nyingine. Mwanamume mmoja kando yake akamwinamia kwa sauti ya mjuzi.

"Mimi najua wanavyofanya."

"Kweli? Hebu nieleze, ndugu yangu."

"Kuna shimo. Wanachimba asubuhi kabla watu hawajafika."

Prudensia aliitazama ile meza, na nyasi zilizoonekana chini yake zikipepea taratibu. "Shimo kubwa hivyo," alisema, "udongo wanaupeleka wapi?"

Mwanamume akafikiri. "Hapo ndipo sijapajua," alikiri.

"Usiache kutazama," Prudensia akamwambia, akapiga makofi pamoja na wengine.