Simu za kwetu zilikuwa zinalia mezani kwa wifi yangu

Admin, nakuomba unisitiri jina, maana Wazanzibari wa London tunajuana mno. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mzaliwa wa Pemba, naishi Wembley na mume wangu. Tuna mtoto mchanga wa kike, na naandika haya huku kanilalia kifuani.

Nafanya kazi ofisini, katika kampuni ndogo inayopeleka wahudumu majumbani kwa wazee. Aliyenitafutia kazi ni dada wa mume wangu, nimwite Salha. Meza zetu zinatazamana. Kampuni ilipoleta simu mpya zinazoendeshwa kwa kompyuta, meneja alinichagua mimi nikafunzwe, nikawa msimamizi wa mfumo huo. Ukifungua ukurasa wa simu kwenye intaneti, unaiamuru simu yako ilie mezani kwako, kwa mwenzio au kwenye mobile. Unaweza hata kuamuru simu za mtu fulani au za mahali fulani ziende kwingine, na nyingine zije kwako kama kawaida. Kazi ikawa nyepesi. Zamani mzee akipiga kusema mhudumu hajafika, alizungushwa meza hadi meza mpaka akakata kwa hasira, sasa anampata anayehusika moja kwa moja. Salha nilimfundisha mwenyewe, nikampa na neno la siri, ili siku nisipokuwepo mambo yasikwame.

Nilipobeba mimba hii, nilikuwa nimeshaharibikiwa mara mbili. Daktari akasema nisijichoshe wala nisishtuliwe na jambo. Mume wangu akanikataza hata kuinua kikapu cha nguo. Simu ya nyumbani ikilia anaiwahi yeye: "Kaa, mama, usiinuke." Nikaona napendwa. Kaka yangu alikuwa na desturi ya kunipigia ofisini, mara akanyamaza. Nikimpigia mama, ananijibu, "Baba yako katoka, mwanangu. Tupo wazima. Wewe jitunze." Sikushuku. Mama yangu hajawahi kunidanganya.

Likizo ya uzazi ilipokaribia, nikakaa nipange simu yangu ili watakaonitafuta wapelekwe kwa Salha. Nikakuta amri imeshawekwa zamani, wala si mimi niliyeiweka: simu zote zitokazo Zanzibar ziende mezani kwa Salha.

Nikamwita. "Salha, hii nini?"

Akaangalia kompyuta, rangi ikambadilika. "Wifi, twende kule jikoni tukazungumze."

"Nambie hapa hapa."

"Baba yako alipatwa na kiharusi. Kaka, mumeo, ndiye kaniomba, wifi. Daktari alisema usishtuliwe."

"Sasa yukoje?"

Akanikumbatia, na hapo nikajua. Baba yangu amekufa, amezikwa, khitma imesomwa, mimi niko London nawapangia watu simu zao. Salha ndiye aliyewaambia kwetu kuwa nimelazwa, na kwamba wakinipa habari hii mimba itatoka tena. Kwa hiyo mama yangu, yumo ndani ya eda, alikuwa akipokea simu yangu na kuniambia baba katoka.

Niliporudi nyumbani sikuvua hata koti. Mume wangu alikaa kwenye ngazi akalia. Akasema, "Ulitaka nifanye nini? Nikwambie, tukamzike na huyu aliye tumboni? Mimi nilimchagua mtoto." Nikampita, nikapanda juu. Mtoto amezaliwa mzima, mnene, kila ninapombeba najiuliza kama ningekuwa naye lau ningeambiwa. Halafu najiuliza ni nani aliyewapa haki ya kuchagua badala yangu.

Na mume wangu nazungumza naye mambo ya maziwa na nepi tu. Salha huja baada ya kazi na supu, anaiacha jikoni na kuondoka. Juzi hakuondoka. Alisimama mlangoni akaniambia, "Wifi, kuna jambo sijakwambia. Baba yako nilisema naye. Mama yako alimwekea simu sikioni. Ulimi ulikuwa mzito lakini nilimfahamu. Alisema, 'Msimwambie. Mwacheni ajifungue salama.'"

Nikampigia kaka yangu Pemba. Akasema, "Dada, baba tangu aanguke hakusema neno la kufahamika. Jina lako tu alikuwa akilijaribu. Lakini mie sikuwapo chumbani kila saa." Mama nimemuuliza, akaanza kulia, nikashindwa kuendelea.

Sasa nakuja kwenye linaloninyima raha. Simu zote za ofisini kwetu zinarekodiwa, kwa sababu ya malalamiko ya wateja. Bado mimi ni msimamizi, naweza kuzifungua nikiwa hapa hapa nyumbani. Meneja wetu, mama wa Kikenya mwenye huruma, alinipigia kunipongeza, kisha akashusha sauti: "Rekodi za zamani zitafutwa karibuni, nafasi imejaa. Kama kuna unayoitaka, mama, ichukue sasa. Baba ni baba." Nadhani Salha amemweleza.

Nimefungua ule ukurasa. Nimeiona rekodi ya simu yenyewe, iliyotoka nyumba ya baba yangu. Nimeweka mkono pa kubonyeza, nikautoa.

Nikiisikiliza nikakuta Salha amesema uongo juu ya ulimi wa maiti, sitaweza tena kuishi na hawa watu, na mtoto wangu ni damu yao. Nikikuta ni kweli, itabidi niwasamehe, na moyo wangu hautaki, bado una hasira. Na huenda nisisikie neno lolote, nisikie tu baba yangu akihangaika kulitaja jina langu, na aliyekuwa akimsikiliza ni mtu mwengine.

Jamani, wenye wazazi na msio nao, nishaurini. Niisikilize, au niiache ifutwe?