Ramatoa Agoma Kutaga

Voahirana alipoletwa kwenye mabanda yetu ya vinyonga, huku upande wa Moramanga, alikuwa anawaogopa. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Umekua unaambiwa kinyonga haguswi, leo umeajiriwa kumlisha panzi! Lakini ana kichwa kigumu yule. Alisoma karatasi zote walizoacha watafiti, na asipoelewa alimganda Mama Rafara, mlezi wa vinyonga wa miaka mingi, hadi mama wa watu akakosa raha ya kula wali wake.

"Kwani wewe huchoki kuuliza?"

"Nichoke, Mama, halafu afe mwingine?"

Jike wake wa kwanza alikufa na mayai tumboni. Sasa ilikuwa zamu ya Ramatoa, jike mkubwa wa kijani tuliyempa jina la kumwitia mwanamke mwenye heshima zake. Tumbo lilijaa, mayai yanahesabika ubavuni, kutaga hataki. Watafiti waliandika udongo uwe mbichi na wenye kina, tukaweka. Mama Rafara akasema asogezwe penye jua la asubuhi, tukamsogeza. Anachimba kidogo, anaacha. Macho yakaanza kudidimia, na Voahirana naye chakula kikamshinda.

Mchana mmoja alijibanza nyuma ya migomba amchungulie. Ramatoa alikuwa shimoni anachimba. Nikapita mimi na ndoo yangu. Kwetu hupiti mbele ya mtu mzima ukiwa wima, na Ramatoa tulishamhesabu mtu mzima. Unainama, unatanguliza mkono, unasema "azafady", niwie radhi. Basi nikainama, kichwa kikawa sawasawa na macho yake. Akaacha kuchimba papo hapo, akapanda mtini.

Voahirana akatoka mbio. "Dada, ni sisi!"

"Sisi tumefanya nini tena?"

"Heshima zetu zinamuua. Kila anayepita anamwinamia, naye akimwona anakimbia shimo."

Nilichukia kwelikweli. "Kwa hiyo nipite kama ng'ombe?"

"Usipite kabisa."

Mama Rafara hakubishana. Alivua lamba yake mabegani, ile shuka nyeupe ya kujitanda, akaitundika kwenye wavu wa banda. Tukaongeza magunia pande zote, tukawa tunazungukia nyuma ya jiko.

Kesho yake jioni Voahirana alituita kwa mkono tu. Tukachungulia kwenye upenyo wa gunia. Ramatoa alikuwa ameshataga, tumbo limenywea, anafukia. Alisukuma udongo, akaukanyaga polepole, akavuta majani makavu juu yake mpaka usingejua pamechimbwa. Nani alimfundisha? Machozi yalinitoka bila aibu. Kisha akapanda, akanywa matone ya maji kwenye majani, akanywa tena.

"Miaka yote hii nawalea," Mama Rafara alinong'ona, "sijawahi kuona hata mmoja akifukia."

"Kwa nini, Mama?"

"Kila wakianza kuchimba, nilikuwa nakwenda kuwasalimu."

Akaketi chini pale pale kwenye matope.