Viputo Vyeupe vya Mmarekani wa Juu

Juzi, ndugu yangu, nilimkuta Masikio sokoni Walthamstow, hapa London. Alikuwa amelala chali kwenye meza ya muuza vitabu vikuukuu, katiwa ndani ya mfuko wa plastiki kama nyama ya friza, joho lake la manjano limechujuka. Nilikuwa nimekwenda na mjukuu wangu kutafuta muhogo na ndizi mbichi, na huo muhogo sikuununua tena. Nilisimama pale mpaka watu wakaanza kunisukuma kwa viwiko. Mjukuu akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama naumwa. Siumwi, nikamwambia, nimeona mtu wa nyumbani.

Masikio si mtu, ni shujaa wa vitabu vya katuni vya Kimarekani. Jina lake la Kiingereza ni refu na la kujisifu, lakini sisi tulimwita Masikio kwa sababu kazi yake ilikuwa kusikia. Mtu yeyote akiita kwa shida, popote duniani, yeye humsikia akaruka kumwendea. Aliyekuwa akimtunga alikuwa Mmarekani, mpangaji mwenzetu. Alikaa juu ya vichwa vyetu, katika nyumba iliyobanana na nyingine mtaa wa nyuma ya soko hilihili, zama hizo sisi tungali wageni wa baridi.

Chini tulikaa bibi yangu, mama yangu na mimi. Tulitoka Unguja baada ya Mapinduzi, tukapita Mombasa, tukatua huku. Mama, ambaye ni binti wa bibi, alifua shuka za hospitali, na Jumamosi alikwenda Kingsbury, upande mwingine wa jiji, kwa Wahindi waliotoka kwetu Afrika Mashariki, waliomsemesha Kiswahili na kumwekea nazi nyuma ya kaunta. Kazi yangu mie ilikuwa kukuna. Mbuzi tuliyokuja nayo iliwekwa mbele ya hita ya mafuta ya taa, nami naikalia huku mgongo unaganda na magoti yanaungua. Chini mbuzi inakwaruza, juu mashine ya chapa inagonga. Hizo ndizo sauti za utoto wangu, na mpaka leo nikikuna nazi huwa nanyamaza kidogo nisikilize dari.

Mwanzo bibi alimwogopa yule Mmarekani. Alikuwa mrefu, mwenye soksi zilizotoboka, na alizungumza peke yake. Alikuwa akipima maneno ya katuni zake kwa sauti, mara angurume, mara alie kama mwanamke, mara aruke sakafuni kwa kishindo hata vumbi la dari likaingia mchuzini. "Huyo ana shetani," bibi alisema, "tena si mmoja." Lakini jirani aliyenusa chungu chako ana haki nacho, awe na mashetani asiwe nao. Basi nikapandishwa ngazi na sahani ya sambusa.

Nami, mtoto mwenye mdomo, nikamfundisha adabu palepale mlangoni: kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Akakuna kichwa, akatazama chumba chake kizima, hakuona hata andazi. Akatia kitabu cha katuni. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo biashara yetu. Inapanda mikate ya kumimina, inashuka hadithi ya Masikio. Bibi hakujua Kiingereza, hata herufi zake hakuzijua, lakini picha alizisoma kama Kurani, moja moja, kwa kidole.

Sasa nikwambie habari ya mlango, maana bila hiyo hutanielewa. Bibi alikuwa na mtoto wa kiume, mjomba wangu. Katika zile siku za mwanzo za Mapinduzi alitoka nyumbani mchana kweupe, akageuka kizingitini akasema, "Mama, usifunge mlango, nnarudi sasa hivi." Hakurudi. Haikuja habari, haikuja maiti, na kila aliyeulizwa alitazama pembeni. Bibi akaubeba mlango ule mpaka Uingereza. Nyumba yetu ya Walthamstow, mchana kutwa, mlango wa mbele ulikuwa wazi kidogo, umezuiwa kwa ndara, na baridi ikiingia bila hodi. Mama aligomba, bibi akijifanya kiziwi. Mmarekani alipita pale amejikunyata ndani ya koti, hakuuliza wala hakuufunga, na nadhani ndipo bibi alipoanza kumpenda.

Palikuwa na sahani ya mjomba pia. Kila jioni ilipakuliwa, ikafunikwa kawa, na asubuhi mimi nikakila kiporo chake kabla ya kwenda skuli. Nimekuzwa na chakula cha mtu asiyekuwepo. Mama alitaka jambo moja tu, mdogo wake asomewe khitma, aombewe, na bibi apumzike. Hilo ndilo lililokuwa likichemka katika nyumba ile kuliko chungu chochote. Kila Ramadhani mama aliliomba, na kila Ramadhani jibu lilikuwa lilelile: "Hasomewi khitma mtu aliye hai."

Ile baridi ilipozidi, Mmarekani alianza kushuka kufanyia kazi jikoni kwetu. Hapo ndipo tulipoona namna wanavyofanya. Yeye hutunga kisa, hukipeleka Marekani kwa posta, mchoraji wa huko huchora, kisha kurasa zinarudi zikiwa na picha tupu. Watu wamefungua midomo, na juu ya vichwa vyao vimeelea viputo vyeupe visivyo na neno. Maneno hutiwa mwisho. Mie viliniogofya sana. Niliona kama watu waliozibwa sauti.

Siku moja bibi aliweka kidole juu ya picha. Masikio, bila joho, yuko mlangoni kwao, amegeuka kumtazama mama yake. Kiputo cheupe.

"Huyu anasema nini?"

Mmarekani alijibu kwamba hajui bado. Alijua tu kwamba haya ni maagano, kwa kuwa ofisi ya wachapishaji wake imeamuru shujaa afe. Nilipomfasiria, bibi hakushtuka. Alisema kama mtu anayesoma kilichoandikwa: "Anasema, Mama, usifunge mlango, nnarudi sasa hivi." Mama alikuwa akikoroga mchuzi, na mwiko ukasimama. Nami nikayatia maneno yale Kiingereza, na Mmarekani akayaandika.

Kitabu kilipochapishwa, kilishuka juu ya sahani. Masikio anasikia mtoto akilia ndani ya jengo, anaingia, jengo linamwangukia. Bibi alifunua mpaka jalada la nyuma, kisha akauliza maiti iko wapi. Mmarekani akacheka kidogo, akaeleza kwamba katika kazi yao maiti haionyeshwi, ili ofisi ikitaka imrudishe. Asiyeonekana maiti hajafa.

Bibi alipiga makofi. "Mmesikia? Hata Marekani wanajua!" Siku hiyo alimpakulia mjomba nyama kubwa kuliko zetu.

Mama aliinuka mezani. Alipanda juu, nami nikamfuata, na Kiingereza chake cha hospitali kilimtoka chote kwa pamoja. Alimwambia habari ya mjomba, ambayo Mmarekani hakuwa akiijua. "You bring back with machine," alimwambia, yaani wako unamrudisha kwa mashine tu. "Me, I have my mother. Kila siku anangojea. Every day!" Mmarekani alikaa kitandani, mikono katikati ya magoti, uso umemshuka.

Baada ya hapo mashine iligonga kwa hasira wiki nyingi. Alikuwa akigombana na ofisi yake kwa barua na kwa simu ya kibanda cha kona. Alitaka shujaa azikwe, azikwe waziwazi, watu wamwone. Wakubwa zake walisema shujaa ni mali ya ofisi na mali haizikwi. Sijui aliwashinda vipi. Ninachojua ni kwamba alasiri moja alishuka na ukurasa mmoja, akauweka mbele ya bibi kwa mikono miwili, kama nilivyomfundisha kumpa mtu mzima kitu. Masikio amelazwa, kafunikwa shuka nyeupe mpaka kidevuni, uso wake unaonekana. Mama yake amekaa kando. Juu ya kichwa cha mama, kiputo cheupe.

Akaniambia nimuulize: huyu mama anasema nini?

Bibi aliusogeza ukurasa karibu. Hita ilikuwa ikinuka, mlango ukigongagonga ile ndara. Alipitisha kidole juu ya ile shuka, taratibu, kama anayekunjua nguo ya mtoto aliyelala. "Hasemi kitu," alisema mwisho. "Amechoka." Kisha akamgeukia mama. "Waite watu, mwanangu. Tumsomee ndugu yako."

Akainuka, akaiondoa ndara kwa mguu, akafunga mlango. Nilikuwa sijawahi kuusikia ukifungwa mchana. Sauti ile bado ninayo. Mama alilia mpaka akakaa chini, na bibi ndiye aliyembembeleza.

Tulisoma khitma, ukapikwa pilau, na sahani ya Mmarekani ikapanda na nyama juu. Lakini ofisi yake ilimnyang'anya Masikio, haikumpa mwingine, na mashine ya juu ikanyamaza. Siku aliyohama hatukumwona akitoka. Sahani tuliikuta ngazini, imeoshwa, haina kitu. Bibi aliishika akaigeuza huku na huku. "Masikini," alisema, "hana tena cha kutia."

Bibi naye hakukaa sana baada ya hapo. Nyumba ile sasa wanakaa watu wengine, wenye mlango wa rangi ya kijivu na kengele ya kamera. Mama amekwishatangulia. Kiswahili cha jikoni mwetu nimebaki nacho peke yangu, mjukuu anakielewa lakini hanijibu kwacho.

Pale sokoni nilimwomba muuzaji anifungulie ule mfuko. Ukurasa upo. Shuka nyeupe ipo, mama amekaa kando yake, na juu ya kichwa chake hakuna kiputo. Yule Mmarekani alikuwa amekifuta. Aliyaandika maneno ya bibi yangu kama alivyoyasema: hasemi kitu.

Mjukuu akachungulia begani kwangu akacheka. Masikio hakufa, akaniambia, walimrudisha zamani, yuko hadi kwenye sinema. Siku zote huwa wanawarudisha, wewe bibi hukujua?

Tukashika njia ya kurudi. Nilikuwa nawaza, na nakwambia ukweli naona haya kuwaza hivyo katika umri huu: ile alasiri tulipofunga mlango, je, kama mjomba alikuwa amefika kona tu? Tulipofika mjukuu aliingia nyuma yangu, akashika kitasa, akauliza afunge.

"Uache kidogo," nilimwambia. Nikaenda jikoni kutoa sahani, yangu na yake, na nikajikuta nimetoa moja zaidi.