Seva Thelathini na Nane Zisizoshikika

Saa mbili na robo asubuhi, Dada Mitambo amepiga magoti katika chumba chenye baridi ya kiyoyozi, anabandua stika kwa ukucha. Ziko arobaini, zote zimebandikwa jana kwenye mashine mbili tu, na nyingi zimeziba matundu ya hewa. Nje, wateja wa ofisi ya maji wamepanga foleni mpaka barazani. Mfumo umezima.

"Mashine imekosa pumzi," anasema bila kugeuka. "Hata mimi ungenibandika stika puani ningezima."

Ni fundi wa kompyuta mwenye miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, na huu ni mwaka wake wa kumi na moja kazini. Jina la Dada Mitambo amepewa na wenzake. Anasimamia seva, yaani kompyuta zinazohudumia ofisi nzima. Kwa hesabu ni arobaini, lakini za kushikika kwa mkono ni mbili. Thelathini na nane zimo ndani ya hizo mbili, zimetengenezwa kwa programu.

"Ni nyumba mbili zenye wapangaji thelathini na wanane," anaeleza, kwa mara ambayo mwenyewe hajui ni ya ngapi. "Bosi wangu anataka kila mpangaji awe na paa lake!"

Kwa bosi huyo, mkuu wa idara, seva ni seva. Kila moja ina fomu ya ukaguzi ya kila wiki: Feni inazunguka? Kuna vumbi? Waya umekaza? Dada Mitambo hujaza fomu thelathini na nane za vitu visivyo na feni wala waya. Kutengeneza seva mpya ni kazi ya dakika nne. Kibali huchukua miezi miwili, kwa sababu lazima stoo ipokee mzigo kwanza.

"Mtunza stoo akaniuliza, 'Sasa mzigo wenyewe uko wapi, dada?' Nikamwambia umo humo ndani. Basi akachukua tochi, akachungulia!"

Anacheka, lakini kicheko hakifiki mbali. Mwezi uliopita wakaguzi walikuja kuhesabu mali, wakaona mbili. Akaandikiwa barua aeleze zilipo nyingine. Jumanne ijayo atasimama mbele ya kamati ya nidhamu, na wasipomwelewa atafukuzwa kazi kwa wizi. Stika za namba ya mali, moja kwa kila seva, ndiyo dawa aliyoibuni bosi, ili wakaguzi wakirudi wapate cha kuhesabu.

"Mali ya ofisi lazima ionekane," bosi alisema alipoulizwa na mwandishi huyu. "Mkaguzi akija nimwoneshe hewa?"

Yote hayo Dada Mitambo angeyameza. Kilichomkwama kooni kilitoka nyumbani. Baba yake ni mtunza stoo mstaafu, aliyefanya kazi miaka thelathini bila kupoteza hata msumari. Aliposikia habari ya barua alimwita binti yake pembeni.

"Mwanangu, kama ulichukua, rudisha mapema."

"Siku ile sikula," anasema. "Kazi nitapata nyingine. Lakini baba yangu mzazi anione mwizi?"

Jumapili mchana alimketisha mezani, akafungua kompyuta yake mpakato. Akatengeneza seva mzee akiona, akaifuta, akaitengeneza tena. Mzee akavua miwani, akaipangusa, akamwambia arudie. Baada ya mara ya tatu ndipo aliposema, "Kumbe hukuiba."

"Hilo 'kumbe' lilinichoma," anasema Dada Mitambo, machozi yakimlenga. "Wiki tatu nzima tunakula meza moja, kumbe aliamini niliiba."

Saa nne kasorobo stika ya mwisho inabanduka. Feni zinaanza kunguruma, na huko nje foleni inasogea. Hakuna anayekuja kumshukuru. Bosi anatuma ujumbe kuuliza stika zimepelekwa wapi.

Jumanne ataingia kwenye kamati na kompyuta mpakato ile ile, bila hotuba.

"Nitatengeneza seva mbele yao, niifute, niirudishe. Hata mara kumi. Wakishaelewa, waandike kwamba hakuna kilichoibwa, wapige muhuri, nimpelekee baba. Ameniambia ananiamini, sawa. Lakini yule ni mtu wa stoo, anaamini karatasi."