Chandarua Kilichoniozesha Balangdalalu

Nawasimulia leo mcheke mmalize, maana tangu siku ile nikipita sokoni kwetu Daudi, huku Mbulu, lazima atokee mtu wa kuniuliza bwana harusi hajambo, na mimi nimechoka kuinamisha kichwa kama niliyeiba kuku. Ndiyo, ni mimi Paskalina, fundi cherehani mnayemjua. Niliolewa bila kujua, mchana kweupe, kando ya barabara ya vumbi, na mtu ambaye hata chai hatujawahi kukaa tukanywa wawili.

Ilikuwa kambi ya kwaya. Vijana wa usharika wetu tulishuka Hanang tukapiga mahema kwenye malisho ya chini huko Balangdalalu, si mbali na lile ziwa la chumvi, tufanye mazoezi kwa utulivu, na kwa kuwa sisi watu wa Daudi tunadhani dunia nzima ni baridi, tulibeba masweta, tukabeba mablanketi, mwingine alibeba hadi kofia ya sufu, lakini dawa ya wadudu hakuna aliyeikumbuka. (Mimi nilikuwa na chandarua, ila ni mama aliyekikunja akakisukumia kwenye begi bila kuniuliza.)

Basi tukakutana na visubi. Kama hujawahi kuumwa na visubi nikueleze: ni vidudu vidogo kama punje ya pilipili ya unga, mlio hawana, unashtukia tu sikio linawaka moto. Tukawasha samadi kavu ya ng'ombe ili moshi uwafukuze. Visubi wakakimbilia ndani ya mahema, sisi tukabaki nje na moshi, tunatoa machozi kama tuko msibani.

Siku ya pili jioni zamu ya kupika ilikuwa yangu na Tluway. Huyu Tluway ni fundi pikipiki, anaimba besi, mrefu, mpole, maneno yake ya kuhesabu. Mashati yake yote yalikuwa ya mikono mifupi, kwa hiyo alipoona mikono imevimba akatoa suti nyeusi aliyoileta kwa ajili ya ibada ya Jumapili, akaivaa, akafunga vifungo vyote, akakaza na tai ili visubi wasipate pa kuingilia shingoni. Nikamcheka sana. Nilimcheka mpaka kisubi akaniingia puani, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu: nikachukua chandarua, kipya, cheupe, kile cha duara, nikakiweka kichwani, nikafunga kamba kuzunguka paji la uso, kilichobaki nikakiacha kianguke mpaka chini na kuburuta kwa nyuma.

Tukaenda kuchuma kivumbasi, yale majani yenye harufu kali yanayofukuza wadudu, tukazungushie jikoni. Kivumbasi kilikuwa kimechanua. Tukawa tunarudi polepole, mimi nimeshika fungu langu la kivumbasi kifuani, Tluway amenishika mkono kwa sababu chandarua kilikuwa kinanikwaza (wema tu, jamani, wema mtupu), na wenzetu kule kwenye mahema ndiyo wameanza kuimba wimbo wa shangwe, sauti zote nne.

Lori la watu wanaotoka mnadani likapunguza mwendo. Likasimama. Kisha vigelegele vikapasuka kutoka kule juu, wanawake kama wote, na wa kwanza kushuka alikuwa Mama Zuhura, mfanyabiashara wa khanga wa Katesh, ambaye ni rafiki wa mama yangu na huwa ananiletea vitambaa nimshonee.

"Paskalina! Ni wewe mwanangu? Kimyakimya hivi?"

"Shikamoo Mama Zuhura, hapana, hiki ni..."

"Marahaba, marahaba! Nyamaza, bibi harusi haongei!"

Akachomoa khanga mpya kwenye mzigo wake akanifunika mabegani, akamwambia Tluway asimame vizuri, Tluway akasimama vizuri, Mama Zuhura akatoa simu akatupiga picha. Mtaniuliza kwa nini sikukifunua kile chandarua nikasema ukweli. Kwanza, nikikifunua visubi wanaingia mdomoni. Pili, niseme tu, tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kunipigia vigelegele, na vilikuwa vitamu. Nikayumba kidogo kuufuata wimbo. Kidogo tu, mabega. Lori likaondoka watu wanapunga mikono, sisi tukacheka mpaka tukakaa chini.

Kule bondeni simu hazishiki mtandao, kwa hiyo hatukujua kwamba ile picha imefika Katesh, ikapanda mpaka Daudi, ikatua kwenye simu ya mama yangu na maneno "Hongera, maharusi nimewatunza." Nasikia baba aliivuta simu karibu na macho, akaiangalia sana, akauliza swali moja: "Mbona mwanamume huyu siyo Elibariki?"

Elibariki ndiye mchumba wangu, mkulima wa Endasak. Wazee wake walikuwa wameshakuja nyumbani, wakapokelewa vizuri, kilichobaki ilikuwa kupanga tu siku ya harusi.

Kesho yake jua linaelekea kuzama nikasikia pikipiki. Dereva Elibariki. Nyuma yake baba, na koti lake zito la Daudi na fimbo mkononi. Na mimi niko wapi? Niko jikoni, ndani ya chandarua, nasonga ugali, na Tluway na suti yake ameshika sufuria isitikisike.

"Shikamoo baba."

Hakuitikia. Baba yangu!

"Paskalina, mimi nimekukosea nini?"

"Baba, hiki ni chandarua. Ni visubi..."

"Na huyu?" Akamnyooshea Tluway fimbo. "Huyu naye ni visubi?"

Tluway akaona anisaidie. Akasogea mbele, akainama kwa heshima. "Shikamoo mzee. Mimi niko zamu tu na binti yako."

"Zamu?" Elibariki akaivua helmeti taratibu, akaiweka kwenye kiti cha pikipiki, akaanza kukunja mikono ya shati. Nikaona sasa nimekosa mume na baba kwa jioni moja, nikataka kulia.

Kukunja mikono lilikuwa kosa lake. Visubi ndiyo kwanza walikuwa wanatoka. Elibariki alipiga hatua mbili kumfuata Tluway, akasimama kujikuna kiwiko, akapiga nyingine, akasimama kujikuna na cha pili. Baba naye akaanza, "Katika ukoo wetu..." Pa! Akajipiga shingoni. "Nasema katika ukoo wetu..." Pa! Sikioni. Akatazama huku na huku, ndipo akawaona wanakwaya wote waliokuwa wamejipanga nyuma ya mahema kusikiliza: mmoja amejifunika blanketi gubigubi, mwingine amefunga sweta usoni yamebaki macho, mwingine amejitumbukiza kwenye gunia la mahindi mpaka kwapani.

Baba akauliza kwa upole kabisa, "Hawa nao wote wameolewa?"

Hakuna aliyethubutu kucheka, mpaka yeye mwenyewe alipojipiga kofi la tatu akasema, "Marahaba, mwanangu. Sogea huko," akanyanyua pindo la chandarua, akaingia. Hapo kambi nzima ikaanguka. Tluway akavua koti lake, akampa Elibariki, na Elibariki akalipokea, akalivaa, akafunga vifungo vyote. Tukala ugali hivyohivyo.

Harusi yangu na Elibariki ilikuja kufungwa, na Tluway aliimba besi. Lakini kuna watu Mbulu mpaka leo wanaamini ile ilikuwa ya pili.

Kambini nitaenda tena, maana kuimba napenda. Ila nitajipaka mafuta ya dawa mpaka niteleze, na mtu akianza kunipongeza kwa jambo nisilolijua nitamkatiza palepale, hata awe rafiki wa mama, hata visubi wote wa Hanang waniingie mdomoni.