Gorogoro Moja Si Bei

Mama anayeuza mahindi sokoni Kitale kwa gorogoro, mkebe wa kilo mbili, hutafuna punje moja ya kila gunia kupima kama yamekauka kabla ya kulipokea. Saa tatu asubuhi, soko la hisa likifunguliwa Nairobi, hupangusa vumbi kidoleni na kuandika kwenye simu agizo lilelile: anauza hisa elfu kumi, shilingi nane kila moja. Saa tisa soko hufungwa, agizo hufa, na kesho huliandika upya. Anataka pesa za mashine ya kukausha mahindi kabla ya mavuno. Mwaka jana mvua ilimwozeshea magunia sitini.

Siku ya Jumanne, Kagwe, mshona magunia wa jirani, alichungulia simu ya mama. “Mama, bei imeanguka! Saba na nusu! Si ushushe uuze, bana!”

“Zimeuzwa ngapi?”

“Hamsini.”

“Hiyo ni gorogoro moja. Mtu ametafuta nauli akauza gorogoro yake, ndiyo mimi nimwage lori?”

Akarudi kutafuna. Kufikia saa tisa, mtu mwingine alikuwa amenunua hisa mia tatu za mama kwa shilingi nane. Kagwe alipiga makofi. Mama alivuta turubai juu ya mahindi, kwa kuwa Mlima Elgon ulikuwa umefunga wingu la mvua. Asubuhi aliandika: hisa elfu tisa na mia saba, shilingi nane.