Wati Mia Tatu Zilizoshindwa Kuvuka Barabara

Saa tatu asubuhi, mjini Nachingwea, Hajra Nampunju amepiga magoti sakafuni, sikio nusura liingie kwenye spika. Nyuma yake amesimama Mzee Bakary, mpiga gitaa wa kijiji cha Lionja, anazicharaza nyuzi kwa hasira.

"Inalia, baba," anasema Hajra.

"Inalia kwako huko chini! Mimi huku juu sisikii kitu. Binti yangu, nilikuletea jogoo, unanirudishia kifaranga?"

Hajra, 43, ni fundi wa redio na amplifaya, kazi aliyoachiwa na marehemu mumewe miaka kumi na tisa iliyopita. Kifaa kimoja humwingizia Sh10,000, kikiwa kikubwa Sh25,000. Leo jasho linamtoka. Jumamosi mzee anapiga kwenye sherehe ya kumtoa mwali, na mwaka jana watu wa nyuma walilalamika hawalisikii gitaa. Wenye shughuli wameshasema: likinyamaza tena, wanaleta disko.

Ndiyo maana mzee alitaka nguvu. Hajra akatoa amplifaya ya wati thelathini, akafunga ya sitini. Spika kuukuu akaiweka kando, akatia sabufa, spika ya besi, iliyoandikwa nyuma wati 300. Jamani, nani angeikataa mia tatu? Hata mimi ningeibeba.

"Fundi mwenzangu wa Ruangwa kaniambia kwenye simu, ile namba ni mzigo spika inaoweza kuubeba, siyo sauti inayotoa," anasema Hajra. "Eti hata wati ukizizidisha mara mbili, sikio linaona nyongeza kidogo tu. Sasa hesabu gani hiyo? Nimechanganyikiwa, mwandishi."

Anavuka barabara kununua vitumbua, kichwa kipumzike, huku mzee akiendelea kucharaza dukani. Sabaha, muuzaji, anamcheka. "Mzee leo anapigia ndani ya gunia?"

Hajra anageuka na kusikiliza. Kweli, huku unafika mngurumo tu, gitaa halipo.

Anarudi mbio. Anafungua sabufa, anarudisha spika kuukuu yenye kiraka cha karatasi ya daftari, na amplifaya yake ndogo, maana kubwa ingeiunguza.

"Mwaka jana boksi la spika mliliweka wapi?"

"Chini, mchangani. Mbele ya wachezaji."

"Basi sauti iliishia miguuni mwa wachezaji, baba!"

Analipandisha juu ya meza, anaweka tofali chini ya ukingo wake wa mbele ili uso utazame juu. Mzee anagusa nyuzi. Ng'ambo ya barabara, Sabaha anaacha kijiko kwenye mafuta na kupiga vigelegele.

"Hiyo sasa!" anapaza sauti Mzee Bakary.

Hajra hacheki. Anaitazama sabufa pale sakafuni. "Ndogo imeishinda kubwa. Mbona sielewi? Mimi hujaribu hapa, sikio kwenye spika, nakabidhi, basi. Miaka kumi na tisa sijawahi kwenda kwenye ngoma hata moja kusikiliza kazi yangu."

Jumamosi atafunga duka, aende Lionja. Hatakaa mbele na mafundi wa mitambo.

"Nitasimama nyuma kabisa, kwa wanaopika," anasema. "Wakianza kucheza na miiko yao, ndipo nitajua nimetengeneza."